Maoni: Koili mbili kwenye betri moja, anayeuza kifaa auze na kipimo

Mwezi Januari 2019, katika jimbo la Texas nchini Marekani, kijana wa miaka 24 alifariki dunia siku mbili baada ya sigara yake ya kielektroniki kumlipukia. Vipande vya chuma vilikata mshipa mkubwa wa damu shingoni. Miezi minane kabla ya hapo, Mei 2018, mwanaume wa miaka 38 alikutwa amekufa katika nyumba iliyokuwa ikiungua katika jimbo la Florida. Wachunguzi walikuta vipande vya kifaa chake ndani ya kichwa. Watu hao wawili hawakuuawa na nikotini wala na moshi. Waliuawa na kitu kilichokuwa mkononi.

Vifo viwili ni vichache katika nchi yenye mamilioni ya watumiaji. Lakini majeruhi si wachache. Idara ya Zimamoto ya Marekani ilihesabu matukio 195 ya milipuko na moto wa vifaa hivyo kati ya 2009 na mwisho wa 2016. Watu 133 waliumia, na 38 kati yao waliumia vibaya. Watafiti waliochunguza kumbukumbu za vyumba vya dharura vya hospitali za nchi hiyo walikadiria kwamba kati ya 2015 na 2017 watu 2.035 walitibiwa majeraha ya aina hiyo. Hesabu hii ya pili ni kubwa kuliko ile ya kwanza kwa sababu wengi hupelekwa hospitali bila tukio lao kufika kwenye magazeti wala kwa wazima moto.

Ifahamike kwamba sigara ya kielektroniki si kitu kimoja. Kuna ile ndogo ya plastiki inayovutwa na kutupwa. Kuna ile yenye koili ya kiwandani, ambayo hubadilishwa ikichakaa. Na kuna ile ambayo mwenyewe huifungua, akaviringisha waya kwa mkono wake, akaukaza kwa skrubu, akapitisha pamba katikati, akamwaga kimiminika. Sehemu hiyo ya kufungua na kujenga upya ndiyo inayoitwa atomaiza ya kujijengea. Wanaoipenda hawaridhiki na koili moja. Wanaweka mbili, ubavu kwa ubavu, ili wapate mvuke mwingi na ladha nzito.

Hapo ndipo hatari inapoanza, na hapo ndipo wauzaji wengi wanapaswa kuulizwa. Koili mbili si koili moja iliyoongezwa uzuri. Ni mzigo mara mbili juu ya betri. Mtu anayeuza waya, atomaiza na betri bila kuuza kipimo cha ukinzani, na bila kumweleza mnunuzi hesabu moja ya darasa la sekondari, anauza kifaa nusu. Nusu iliyobaki mnunuzi ataitafuta mwenyewe, na mara nyingine ataipata kwa kuungua.

Jambo hili linawahusu vipi Wakongomani?

Kuna atakayesema kwamba haya ni mambo ya Wazungu wenye pesa za kuchezea. Lakini betri inayotumika zaidi katika vifaa hivi, ile ya mviringo inayoitwa 18650 kwa sababu ina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, ni ya lithiamu, na nyingi kati ya zile zenye nguvu zina kobalti ndani yake. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ndiyo inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, kutoka Lualaba na Haut-Katanga. Mchimbaji wa Kolwezi, awe wa kampuni kubwa au mmoja wa wale wanaoitwa makrezeri, ameshiriki katika kila mvuke unaopulizwa Texas.

Betri hiyo inaondoka Congo ikiwa madini, na inarudi ikiwa bidhaa. Inarudi ndani ya kompyuta kuukuu, ndani ya tochi, ndani ya redio za jua, ndani ya vichaji vya mfukoni. Mafundi wa Lubumbashi, Goma na Bukavu wanaijua vizuri. Wanaitoa katika pakiti ya kompyuta iliyokufa, wanaipima, wanaiunganisha na nyingine ili nyumba ipate mwanga wakati umeme umekatika. Ni kazi ya akili, na imesaidia familia nyingi. Lakini betri iliyotolewa katika kompyuta haikutengenezwa kwa kazi ya koili mbili, na hapo ndipo fundi mzuri anaweza kufanya kosa baya.

Zaidi ya hayo, soko linabadilika. Ubelgiji ilikataza uuzaji wa sigara za kielektroniki za kutupwa tangu 1 Januari 2025. Ufaransa ilifuata Februari mwaka huohuo, na Uingereza ikakataza tangu 1 Juni. Ni nchi ambamo Wakongomani wengi wanaishi. Mtu aliyezoea zile za kutupwa sasa anasukumwa kuelekea vifaa vya kujaza na vya kujijengea. Na kile kinachotumiwa na ndugu wa Brussels, mara nyingi hakichelewi kuonekana katika sanduku linaloshuka Ndjili. Kwa hiyo ni bora kusema mapema kuliko kusubiri mtu aungue paja.

Resho ya umeme imekwisha kufundisha somo hili

Mama yeyote anayepikia resho ya umeme analijua somo hili hata kama hakusoma fizikia. Waya wa resho ukikatika, watu hawanunui mpya. Wanavuta ncha mbili, wanazisokota pamoja, wanaendelea kupika. Siku hiyo resho huwa na moto mkali kuliko jana. Kila mtu anafurahi, maharage yanaiva upesi. Baada ya siku chache waya unakatika tena, au plagi inayeyuka, au fyuzi inaruka.

Sababu ni hii: waya umefupishwa. Waya mfupi una ukinzani mdogo, ule ambao mafundi huuita rezistansi. Ukinzani ukipungua, umeme mwingi zaidi unapita. Ukipita mwingi, moto unaongezeka, lakini na kila kitu kilicho nyuma ya resho kinabeba mzigo huo: plagi, nyaya za ukutani, fyuzi. Nyumbani, fyuzi inakufa ili nyumba ipone.

Koili ya sigara ya kielektroniki ni resho ndogo. Tofauti ni kwamba nyuma yake hakuna fyuzi ya ukutani. Katika vifaa vinavyoitwa vya mekaniki, ambavyo ni bomba la chuma, kitufe na betri peke yake, hakuna kitu chochote kati ya waya na betri. Mkono ukibonyeza, umeme wote unaoweza kutoka unatoka. Fyuzi pekee ni akili ya aliyejenga koili.

Hesabu yenyewe

Hesabu hii ilielezwa na mwanafizikia Mjerumani Georg Ohm mnamo 1827, na haijabadilika. Ampea zinazotoka katika betri ni volti zikigawanywa kwa omu. Betri moja ya 18650 iliyojaa ina volti 4,2. Hiyo ndiyo namba ya kutumia, si 3,7 iliyoandikwa kwenye ganda, kwa sababu hatari kubwa ni wakati betri imejaa.

Chukua mfano wa kijana anayetumia waya wa Kanthal wa unene wa milimita 0,4, ule unaouzwa kwa namba 26. Kanthal ni mchanganyiko wa chuma, kromiamu na alumini, na waya wa unene huo una ukinzani wa karibu omu 11 kwa kila mita. Akiuzungusha mara saba juu ya msumari wa milimita 3, atatumia pamoja na miguu yake karibu sentimita 8 na nusu. Koili hiyo itakuwa na karibu omu 0,95.

Akiweka koili moja, umeme utakaopita ni ampea 4,4. Hakuna shida. Akiweka ya pili inayofanana nayo, wengi hudhani ukinzani unaongezeka, kwa sababu waya umeongezeka. Ni kinyume. Umeme sasa una njia mbili badala ya moja, kama watu wanaotoka kanisani kwa milango miwili badala ya mmoja. Ukinzani unashuka hadi nusu, karibu omu 0,48. Ampea zinapanda hadi karibu 8,8. Betri nzuri inavumilia bila taabu.

Sasa kijana huyohuyo anasikia kwamba waya mnene unatoa mvuke zaidi. Ananunua namba 24, wenye unene wa milimita 0,5 na ukinzani wa karibu omu 7 kwa mita. Anazungusha mara tano tu. Kila koili ina karibu omu 0,46, na mbili kwa pamoja zinatoa 0,23. Gawanya: ampea 18. Betri nyingi nzuri za aina hii zina kikomo cha ampea 20. Amebaki na ampea mbili tu za usalama, na hajui. Kwa macho, koili zake ni nzuri kuliko zile za kwanza. Zinang'aa upesi, na marafiki wanamsifu.

Akipunguza mzunguko mmoja kwa kila koili, amepita kikomo. Kama betri yake ilitoka katika kompyuta, huenda alikuwa amepita kikomo tangu koili za kwanza, kwa maana betri nyingi za kompyuta zimeundwa kutoa umeme kidogo kwa muda mrefu, mara nyingi chini ya ampea 10. Na kama kifaa chake ni cha mekaniki chenye betri mbili zilizofuatana, volti si 4,2 tena bali 8,4, na zile koili za omu 0,48 zilizokuwa salama zinavuta ampea 17 na nusu.

Mtu mwenye busara hafiki ukingoni mwa kisima ili athibitishe kwamba hataanguka. Kwa betri ya ampea 20, kubaki chini ya 15 ni busara, yaani ukinzani usiopungua omu 0,28. Anayetaka mvuke zaidi ya huo atafute kifaa kingine, asitafute waya mwingine.

Mkono lazima ufuate hesabu

Hesabu peke yake haitoshi, kwa sababu koili mbili lazima ziwe mapacha. Waya uleule, idadi ileile ya mizunguko, msumari uleule wa kuzungushia, miguu yenye urefu uleule. Zikitofautiana, ile yenye ukinzani mdogo inavuta umeme mwingi, inawaka kwanza, inakausha pamba yake na kuiunguza wakati nyingine bado ni baridi.

Na hapa kipimo kinaweza kudanganya. Koili ya omu 0,8 ikiwekwa pamoja na ya omu 1,1, kipimo kitaonyesha karibu 0,46. Ni namba nzuri, karibu sawa na ile ya mapacha wawili wa 0,95. Lakini kwa betri iliyojaa, koili ya kwanza inapokea wati 22 na ya pili 16. Kipimo hakioni tofauti hiyo. Macho ndiyo yanayoiona: kwa nguvu ndogo, kwa kubonyeza kidogo na kuachia, koili zote mbili zinapaswa kuanza kuwa nyekundu wakati mmoja, kutoka katikati kuelekea pembeni. Moja ikichelewa, au sehemu moja ya waya ikiwaka peke yake, kazi hiyo haijakwisha. Inabanwa taratibu kwa kibano cha kauri, au inatolewa na kuanza upya.

Kuna sababu nyingine ndogo zinazoumiza watu kuliko hesabu. Ncha ya waya ikiachwa ndefu inagusa kifuniko cha atomaiza. Hiyo ni shoti, au kurusirkwi kama wanavyosema mafundi, na ukinzani unashuka karibu na sifuri. Skrubu ikilegea, ukinzani unapanda na kushuka kila mara, na mwenye kifaa hajui anavuta nini. Kipande kidogo cha plastiki kinachotenganisha nguzo chanya na kitako cha atomaiza kikiyeyuka, pande mbili za umeme zinakutana. Na katika mabomba ya mekaniki ambamo atomaiza inagusa betri moja kwa moja, pini ya katikati lazima itokeze waziwazi. Isipotokeza, chuma kinachozunguka pini ndicho kinachogusa betri, na shoti inatokea kabla hata koili haijahusika.

Kwa hiyo utaratibu ni huu, na hauna siri. Kwanza betri, kisha hesabu, kisha waya. Koili zikishafungwa na ncha kukatwa, kipimo kinatumika kabla ya betri kuingia. Namba ikilingana na hesabu, koili zinajaribiwa kwa nguvu ndogo. Kisha kipimo tena, kwa sababu joto hulegeza skrubu. Pamba inaingia mwisho, isiyobana wala kulegea. Anayejenga juu ya bomba la mekaniki hapimi kwa kubonyeza bomba lenyewe. Huo si upimaji, ni kamari.

Betri ya uongo

Hesabu yote hapo juu inategemea namba iliyoandikwa kwenye betri kuwa ya kweli. Katika masoko mengi, si ya kweli. Kuna betri za 18650 zinazoandikwa uwezo wa 6000, 8000, hata 9900 mAh. Betri za kweli za ukubwa huo, hata za viwanda bora, hazifiki 5000. Nyingi nzuri ziko kati ya 2500 na 3500. Na zile zenye ampea nyingi kwa kawaida huwa na uwezo mdogo, kwa sababu mambo hayo mawili hushindana ndani ya chupa moja. Anayeona betri ya 9900 mAh yenye ampea 40, kwa bei ya chini kuliko chupa ya bia, ajue kwamba anasoma hadithi.

Jambo la pili ni ganda. Mwili wote wa betri ya 18650, kutoka chini hadi ukingo wa juu, ni upande hasi. Kinachoutenganisha na kichwa chanya ni pete nyembamba na ganda la plastiki jembamba kama la pipi. Ganda likichanika karibu na kichwa, chuma cha kifaa kinaweza kuunganisha pande zote mbili. Na betri ikiwekwa mfukoni pamoja na funguo au sarafu, funguo zinafanya kazi ya waya. Katika ile ripoti ya wazima moto wa Marekani, karibu tukio moja kati ya matatu lilitokea kifaa au betri ya akiba ikiwa mfukoni. Hao hawakuwa wanavuta. Walikuwa wanatembea, wamekaa, wanaendesha gari. Kijisanduku cha plastiki kingeokoa wengi wao.

Viwanda vikubwa vya betri vimekwisha kuonya kwamba betri hizi zimetengenezwa kuwa sehemu ya pakiti yenye ulinzi, si kuuzwa moja moja mkononi. Mnamo Januari 2021, tume ya Marekani inayolinda usalama wa wanunuzi iliwataka watu wasinunue wala kutumia betri za 18650 zilizo huru. Onyo hilo lilitolewa na wakubwa, lakini betri bado ziko juu ya meza.

«Lakini vifaa vya sasa vina chipu»

Hilo ni jibu la kawaida la muuzaji, na lina ukweli ndani yake. Kifaa chenye chipu kinapima ukinzani chenyewe, kinakataa kuwaka kikiona shoti, na kinakatika betri ikishuka sana. Kwa anayeanza, hakuna sababu ya kushika bomba la mekaniki kabisa.

Lakini chipu haioni ganda lililochanika. Haijui kama betri ni ya kweli au ya uongo. Na inabadilisha hesabu kwa namna ambayo wengi hawaelezwi: katika kifaa chenye chipu, mzigo wa betri hautokani tena na omu za koili, unatokana na wati zilizochaguliwa kwenye kioo. Wati 80 kutoka betri moja iliyokaribia kwisha, yenye volti 3,2, ni ampea 25. Kikomo cha ampea 20 kimekwisha kuvukwa, na kioo kinaendelea kuonyesha rangi nzuri. Kijana anayepandisha wati kwa sababu namba inaruhusu, hana tofauti kubwa na yule anayefupisha waya.

Kukataza kunatosha?

Wengine watasema dawa ni kukataza vyote. Uganda ilifanya hivyo kwa sheria yake ya tumbaku ya 2015. Hoja hiyo haiwezi kudharauliwa. Nikotini inashika, na inashika watoto upesi kuliko wakubwa. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitaka mnamo Desemba 2023 serikali zichukue hatua za haraka kuwalinda watoto dhidi ya vifaa hivi. Mtu ambaye hajawahi kuvuta hana faida yoyote ya kuanza, na koili iliyofungwa vizuri haimfanyi mvutaji kuwa na afya. Inamzuia tu kulipuka.

Hata hivyo, sheria inaweza kukamata kifaa mpakani, haiwezi kukamata waya. Waya wa Kanthal ni waya wa tanuri. Pamba iko katika kila duka la dawa. Betri iko ndani ya tochi. Anayekatazwa kununua atomaiza nzuri yenye nafasi za kutosha na plastiki isiyoyeyuka, anaweza kuishia na nakala mbovu, na na waya wowote aliouokota, hata ule wa kufungia uzio uliopakwa zinki, ambao ukipata moto unatoa moshi wa sumu. Kukataza bila kufundisha kunaondoa duka, hakuondoi hatari. Na kuruhusu bila kufundisha, kama inavyotokea mahali pengi, kunaacha duka na hatari vyote viwili.

Kati ya hayo kuna njia isiyohitaji bajeti kubwa. Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, ambayo kazi yake ni kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini, inaweza kuanza na jambo moja lililo rahisi kuliona kwa macho: betri ya 18650 inayodai uwezo usiowezekana isiingie. Hilo halitawasaidia wavutaji tu. Litamsaidia kila mwenye tochi, kila mwenye redio ya jua, kila fundi anayeunganisha betri za nyumba.

Muuzaji naye anaweza kuanza kesho, bila kusubiri Kinshasa. Asimuuzie mtoto. Asiuze betri huru bila kijisanduku chake. Asiuze bomba la mekaniki kwa mtu asiyeweza kugawanya 4,2 kwa omu zake hapo hapo mbele ya meza. Na aweke kipimo cha omu kwenye meza, bure, kwa kila anayekuja na koili aliyofunga nyumbani. Kipimo hicho kina bei ndogo kuliko faida ya wiki moja, na mteja aliyeungua hawezi kurudi kununua.

Na fundi wa simu, ambaye vijana watamkimbilia koili zikiwashinda, anayo multimita tayari. Anachohitaji kujua ni kwamba multimita nyingi za bei ndogo hukosea kwenye omu za chini sana, chini ya nusu omu. Aguse kwanza ncha mbili za nyaya za multimita, asome namba inayobaki, kisha aitoe katika kipimo. Bila hivyo, atamwambia kijana kwamba koili zake ni 0,4 wakati ni 0,2, na tofauti hiyo ni ampea 10 nzima.

Kobalti ya Kolwezi inabebwa na malori hadi bandarini, inavuka bahari, inasafishwa China, inafungwa katika chupa ya chuma yenye urefu wa kidole, na inarudi. Wakongomani wamelipa sehemu yao katika safari hiyo, wengine kwa maisha yao ndani ya mashimo. Haitakuwa haki betri hiyo ikirudi nyumbani imwunguze mtoto wao paja, kwa sababu tu hakuna aliyemwonyesha jinsi ya kugawanya namba mbili.